Ukoo wa Savoia juu ya Ruwenzori: Ramani Isomwe kama Utenzi

Mtu wa Vitshumbi, kwenye ufuo wa Kongo wa Ziwa Edward, anayetamani kuiona Italia hahitaji viza. Vita vikimruhusu, aifuate barabara ya taifa namba 2 kutoka Rwindi, apande Kanyabayonga, apite Lubero na Butembo hadi Beni, kisha akunje mashariki kuelekea Mutwanga. Hapo atakuwa chini ya Margherita, Elena, Savoia, Vittorio Emanuele, Umberto, Iolanda, Bottego, Cagni na Sella. Ni Italia ya kifalme nzima nzima, pamoja na msafiri wake, nahodha wake na mpiga picha wake, imepangwa juu ya theluji mpakani mwa Kongo na Uganda.

Wengi wetu tunayachukua majina hayo kama mabango ya barabarani: yapo, yanaelekeza, basi. Hapa nayasoma kama utungo. Yana mtunzi na tarehe, yana mpangilio na mizani, yana walioingizwa na walioachwa nje. Katika uhakiki tumezoea kutenganisha fani na maudhui. Maudhui ya ramani ya Ruwenzori yameshalaumiwa vya kutosha: ni ya kikoloni, yamelewa utawala, yamewasahau wenyeji. Sina la kuongeza katika lawama hiyo. Ninachotaka tukitazame ni fani, maana wafalme wote waliotajwa wamekufa, na umbo walilopangiwa lingali hai.

Mtunzi na safari yake

Mtunzi ni Luigi Amedeo wa Savoia, Duke wa Abruzzi. Alizaliwa Madrid mwaka 1873, siku chache kabla baba yake hajauacha ufalme wa Hispania alioushika kwa muda mfupi. Alikuwa afisa wa jeshi la majini na mpanda milima. Mwaka 1897 aliufikia mlima Saint Elias huko Alaska, na mwaka 1899 na 1900 aliongoza safari ya kuitafuta Ncha ya Kaskazini. Mwaka 1906 alikuja kwetu: meli kutoka Napoli hadi Mombasa, garimoshi hadi Ziwa Victoria, chombo hadi Entebbe, kisha miguu, na mamia ya wapagazi, kupitia Fort Portal hadi bonde la Mobuku. Tarehe 18 Juni 1906 alisimama juu ya vilele viwili virefu kuliko vyote vya safu hii. Katika majuma machache kundi lake lilikuwa limepanda, limepima, limepiga picha na limechora karibu kila kilele kikuu.

Ramani iliyotoka hapo ndiyo utungo wetu. Inaigawa Ruwenzori katika milima 6, na kila mlima una vilele vyake. Mgawanyo huo ni wa kisayansi, na hadi leo hakuna aliyeubomoa. Ila mtu anapopewa vyumba 6 vitupu vya kujaza majina, hapo sayansi huisha na utunzi huanza.

Mwili kwa msafiri, kichwa kwa mtawala

Kanuni ya kwanza ya umbo hili ni ngazi mbili. Ngazi ya chini ni milima yenyewe: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Wote watano ni wasafiri waliozunguka katika nchi za maziwa makuu na chemchemi za Nile kabla ya 1906. Ngazi ya juu ni vilele, na huko ndiko wanakokaa watawala. Aliyetembea amepewa mwili wa mlima. Aliyetawala amepewa kichwa.

Sasa tazama vilele virefu vya kila mlima, kwa mpangilio wa urefu. Stanley unaongozwa na Margherita, mita 5109. Huyo ni malkia mama wa Italia, mjane wa Mfalme Umberto wa Kwanza aliyeuawa Monza mwaka 1900. Speke unaongozwa na Vittorio Emanuele, mita 4890: jina la mfalme aliyekuwa kitini mwaka ule wa 1906, na la babu yake pia. Baker unaongozwa na Edward, mita 4843: mfalme wa Uingereza. Emin unaongozwa na Umberto, mita 4798, jina la mfalme aliyeuawa na la mjukuu wake aliyezaliwa mwaka 1904. Gessi unaongozwa na Iolanda, mita 4715. Huyo ni binti wa mfalme, na siku ile Duke alipofika juu kabisa, mtoto alikuwa ametimiza miaka mitano tu.

Ukivitazama kwa mfululizo huo, kutoka mita 5109 kushuka hadi 4715, unaona jamaa wamepangwa kama kwenye picha ya harusi: bibi juu, baba mwenye mamlaka chini yake, rafiki wa heshima pembeni, kisha watoto. Theluji na mawe vilijipanga vyenyewe kwa mamilioni ya miaka. Mtunzi alikuja na cheo cha kila mtu mfukoni, akalinganisha cheo na mita. Hii ni fani ya hali ya juu. Hata anayeuchukia utungo hawezi kusema ulitungwa ovyo.

Ndani ya ngazi hiyo kuna ubeti mmoja wa kuusoma polepole, nao ni mlima Stanley. Vilele vyake viwili vikuu ni Margherita na Alexandra, malkia wa Uingereza, mke wa Edward. Vimesimama ubavu kwa ubavu kama ukwapi na utao katika mshororo mmoja wa shairi letu. Mtunzi alikuwa Mwitalia, lakini aliingilia Uganda, nchi iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Ilimlazimu kuwashukuru wenyeji wake wa Kizungu bila kuishusha nyumba yake. Akafanya hivi: Italia na Uingereza wakae katika mshororo mmoja, mwanamke kwa mwanamke, malkia kwa malkia, ila mizani isilingane. Alexandra ana mita 5091. Tofauti ni mita 18. Ni adabu ya mgeni na majivuno ya mshindi katika pumzi moja, na yote yamesemwa bila kitenzi hata kimoja.

Pembeni mwa malkia hao wawili wamewekwa Elena, mke wa mfalme wa wakati ule, na Savoia, yaani ukoo wenyewe kwa jina lake. Kisha, chini zaidi, anatokea mtu asiyefanana na wenzake: Moebius. Huyu hakuwa mfalme, alikuwa mwanasayansi wa Kijerumani. Amefikaje katika karamu hii? Mwaka 1891 Franz Stuhlmann, aliyekuja na Emin Pasha, aliipanda Ruwenzori kwa upande unaotazama Kongo, akatoa majina ya wanasayansi wanne: Kraepelin, Moebius, Semper na Weismann. Duke hakuyafuta. Aliyachukua yote manne, akayagawa, moja huku na moja kule, akayaweka kwenye vilele vya chini ya wakuu: Moebius chini ya Margherita, Semper chini ya Edward, Kraepelin chini ya Umberto. Kwa lugha ya uhakiki, hapa mtunzi ananukuu utungo uliomtangulia, na kwa kuunukuu anaushusha. Milima ya maprofesa imegeuzwa kuwa ya wafalme, na maprofesa wakabakizwa kama walimu wa watoto wa ikulu.

Mume ziwani, mke mlimani

Msomaji wa Vitshumbi ana kiti kizuri kuliko wengi katika usomaji huu, kwa sababu anasoma akiwa ndani ya ukurasa. Ziwa lililo mbele yake liliitwa Edward na Stanley mwaka 1889, kwa heshima ya mrithi wa kiti cha Uingereza wa wakati ule. Mtu huyohuyo ndiye aliyewekwa na Duke, baada ya kuwa mfalme, juu ya mlima Baker. Mkewe yuko juu ya Stanley. Mwanawe George ndiye ziwa dogo la upande wa Uganda lililounganishwa na letu kwa mfereji wa Kazinga. Mvuvi anayetupa nyavu usiku kutafuta tilapia na kambale anavua ndani ya mume. Mto Semliki unaotoka ziwani unapita chini ya miguu ya mke.

Jambo hili linatuonyesha kwamba utungo wa 1906 haukuanza kwenye ukurasa mtupu. Duke aliukuta ubeti wa Stanley chini, ziwani, akaujibu kwa ubeti wake juu, kwenye barafu. Ni kujibizana, kama malenga wawili wanavyojibizana gazetini, mmoja akitupa fumbo na mwingine akilipokea kwa vina vilevile. Tofauti ni kwamba katika kujibizana kwetu wasomaji huingilia, hucheka, hukosoa. Katika kujibizana huku wenye ziwa na wenye mlima hawakuulizwa kitu.

Sahihi iliyoharibu kanuni

Tenzi zetu nyingi za kale hufunga kwa mtunzi kujitaja: jina, ukoo, mji na tarehe ya kumaliza. Ruwenzori nayo ina sahihi ya namna hiyo. Mlima wa sita, ulio kusini kuliko yote, unaitwa Luigi di Savoia. Anayetoka upande wa Vitshumbi kwenda kaskazini anakutana na sahihi kabla ya utungo wenyewe.

Lakini sahihi hiyo haikuwekwa na mtunzi. Duke alikuwa ameupa mlima huo jina la Thomson, msafiri wa Kiskoti, kwa kufuata kanuni yake: mwili kwa msafiri. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London ndicho kilichotaka Thomson aondoke na Duke mwenyewe aingie. Ilikuwa heshima, na tena aliistahili kuliko wengi waliotajwa, kwa sababu katika wote wa ukoo wa kifalme walio juu ya Ruwenzori ni yeye peke yake aliyewahi kuikanyaga. Ila heshima hiyo iliivunja kanuni. Kilele kirefu cha mlima huo, mita 4627, ni Sella, na huyo ni Vittorio Sella wa Biella, mpiga picha wa msafara. Kwa hiyo katika milima mitano mfalme au jamaa yake amekaa juu ya msafiri. Katika wa sita mpiga picha amekaa juu ya mwana wa mfalme. Mhariri wa London alitaka kumsifu mtunzi, akampindulia utenzi wake.

Napenda kosa hilo la fani kuliko kitu kingine chochote katika ramani hii. Linatuonyesha kwamba umbo lilikuwepo kweli, maana huwezi kuvunja kisichokuwepo. Na kwa bahati tu limempa kichwa cha mlima mtu aliyekuja kufanya kazi.

Kitabu na picha

Utungo huu una mwenziwe wa karatasi. Mwaka 1908 kilitoka kitabu kikubwa cha safari ile, na mwandishi wake ni Filippo De Filippi, daktari ambaye katika safari ya Ruwenzori hakuwepo. Aliandika kwa kutumia kumbukumbu za Duke na wenzake. Matokeo yake ni masimulizi ambayo msimulizi hakuona anachokisimulia, na aliyeona anatajwa kwa cheo, kama mhusika mkuu wa utendi. Duke hasemi «nilipanda». Anasimuliwa kuwa amepanda. Kwa kiongozi wa kifalme hiyo ni nafasi nzuri mno: mtu hujisifu kwa kinywa cha mwingine.

Picha za Sella ni habari nyingine. Sella alibeba kamera nzito na vioo vyake katika matope, mvua na ukungu vya Ruwenzori, na alipopata dakika chache za anga safi alipiga safu nzima kwa picha zilizounganishwa kuwa mandhari moja ndefu. Tofauti na ramani, picha hizo hazimpi mtu cheo. Ndani yake Margherita ni barafu na mwamba kama jirani zake. Ndiyo maana leo, wakati sehemu kubwa ya barafu ile imeshayeyuka, watafiti wanarudi kwenye picha za Sella kulinganisha kilichokuwepo na kilichobaki, huku majina yakiwa hayawasaidii kitu. Kama ni kuchagua kazi moja ya Kiitalia iliyoisema kweli Ruwenzori, mimi nachagua kamera.

Waongozaji walewale, mlima mwingine

Hadi hapa mtu anaweza kusema: ndivyo wapanda milima wa zamani walivyokuwa, wangefanya nini kingine? Jibu liko Kenya, na limeletwa na watu walewale. Miongoni mwa waongozaji wa Duke walikuwa César Ollier na Joseph Brocherel, wanaume wa Courmayeur, mji ulio chini ya Monte Bianco, ambako Waitalia wengi wana majina ya Kifaransa kwa sababu mpaka uko mlangoni. Mtu wa Goma hatashangazwa na hali hiyo. Wawili hao ndio waliomfikisha Mwingereza Halford Mackinder juu ya Mlima Kenya mwaka 1899, miaka saba kabla ya Ruwenzori.

Mackinder aliita vilele vikuu Batian na Nelion, na cha tatu kikaitwa Lenana: majina ya viongozi wa Wamaasai wa karne ileile. Mackinder hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa dola kama Duke, na Wamaasai hawakumtuma. Hata umbo lake ni lile la wakubwa kupewa vilele. Lakini alichagua wakubwa wa nchi aliyokuwa amesimama juu yake. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana kutunga vingine wakati huohuo, kwa miguu na kamba za waongozaji walewale. Duke aliamua, hakulazimishwa na zama.

Na Ruwenzori haikuwa na uchache wa majina. Wanande wa Beni na Lubero na ndugu zao Wakonzo wa Uganda wanaiita Rwenzururu, na katika imani ya Wakonzo theluji ile ni makao ya Kitasamba. Umbo la majina yao ni tofauti kabisa: juu pana mwenye nyumba, hapahitaji kupewa mtu kama zawadi. Mabaki ya umbo hilo yamo bado katika njia ya kupandia upande wa Kongo. Ukianzia Mutwanga unalala Kalonge, unalala Mahangu, unalala Kiondo, yote majina ya wenyeji, kisha mwishoni kabisa unafika Margherita. Mahali pa kulala, kupika na kuanika soksi pana majina ya wenye nchi. Mahali pa kusimama kidogo na kupiga picha pana jina la malkia. Mishororo yote ni yetu, kibwagizo ni cha Savoia.

Wahariri waliokuja baadaye

Utungo wa 1906 umepita mikononi mwa wahariri wengi. Wabelgiji walikuja mwaka 1932, wakapanda kwa upande wa Kongo, wakaongeza kilele cha Albert, mfalme wao, katika mlima Stanley, mita 5087, yaani mita 4 tu chini ya Alexandra. Waingereza nao wakaongeza Elizabeth na Philip. Hakuna aliyegusa umbo. Kila mmoja alivuta kiti chake kwenye meza ileile.

Mhariri mkali kuliko wote alikuwa Mobutu. Katika siasa yake ya uhalisi, mlima Stanley ukaitwa Ngaliema. Ziwa la Vitshumbi likaitwa Idi Amin Dada katika miaka ya 1970, na lile la Albert likawa ziwa la Mobutu mwenyewe. Hapa ndipo usomaji wa fani unapotupa kitu ambacho usomaji wa maudhui peke yake hautupi. Kwa maudhui, Mobutu alifanya mapinduzi: Wazungu waondoke, Waafrika waingie. Kwa fani, hakubadilisha hata nukta. Rais jirani akapewa ziwa kama Edward alivyopewa ziwa. Mkuu wa serikali akajipa ziwa. Na Ngaliema, mtu wa kuheshimiwa, alikuwa chifu wa ng'ambo ile ya magharibi, kando ya mto Kongo palipo Kinshasa leo. Kwa Ruwenzori alikuwa mgeni kama Margherita. Ndiyo maana mageuzi hayo yalianguka pamoja na wenyewe. Amin alipoondolewa mwaka 1979, jina lake liliondoka ziwani, na Edward akarudi kwenye kiti ambacho hakikuwahi kuvunjwa.

Mfano wa mhariri aliyeligusa umbo uko Tanzania. Mwaka 1889 Hans Meyer alikiita kilele cha Kilimanjaro kwa jina la Kaizari Wilhelm. Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge pale juu, na kilele kikaitwa Uhuru. Wangeweza kukiita kwa jina la kiongozi wao, wakubwa hawakukosekana. Badala yake walibadilisha aina ya jina, kutoka jina la mtu hadi jina la jambo ambalo kila Mtanganyika alikuwa na hisa ndani yake. Tawala zimebadilishana tangu wakati ule, na hakuna aliyehitaji kukibatiza upya.

Cha ajabu zaidi ni yaliyowapata Savoia kwao. Tarehe 2 Juni 1946 Waitalia walipiga kura, wakauondoa ufalme. Katiba ya mwaka 1948 ikawakataza wafalme waliotangulia, wake zao na wazao wao wa kiume kukanyaga ardhi ya Italia, na katazo kwa wazao hao lilidumu hadi 2002. Kwa zaidi ya miaka 50 mzao wa kiume wa wafalme hao hakuruhusiwa kuingia Roma, wakati jina la ukoo wake lilikaa bila bughudha juu ya Mutwanga. Duke mwenyewe alifariki mwaka 1933 Somalia, katika kijiji cha mashamba alichokianzisha na kilichoitwa kwa jina lake. Wasomali leo wanakiita Jowhar. Mtunzi alizikwa katika mji uliolifuta jina lake, na wananchi wa nchi yake waliifukuza nyumba aliyoiimba. Sisi ndio tuliobaki kuwa wahifadhi wa Savoia.

Italia nayo haikuacha kulitumia jina la Margherita. Kuna kibanda cha wapanda milima cha jina hilo juu ya Monte Rosa, mita 4554, ambacho malkia alikifikia mwenyewe mwaka 1893. Kuna mji wa Margherita di Savoia huko Puglia, mashuhuri kwa mashamba ya chumvi. Vitshumbi, inayokausha samaki kwa chumvi, ingekuwa na mengi ya kuongea na mji huo. Kuna pia pizza ambayo hadithi ya Napoli inasema ilitengenezwa kwa ajili yake mwaka 1889. Kilele chetu, hata hivyo, ndicho kirefu kuliko vyote hivyo. Kinaishinda Monte Bianco yenyewe kwa mita 300 hivi.

Vittorio mwingine

Italia ya barabarani si ile ya 1906. Tarehe 22 Februari 2021 magari mawili ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yaliondoka Goma kwenda Rutshuru, kuangalia mpango wa chakula shuleni. Karibu na Kibumba yalivamiwa. Waliouawa ni Luca Attanasio, balozi wa Italia. Vittorio Iacovacci, askari wa carabinieri aliyemlinda. Na Mustapha Milambo, dereva Mkongomani. Kila anayetoka Goma kuja Vitshumbi anapita hapo.

Nimewataja kwa mpangilio ambao habari nyingi ziliutumia: balozi, mlinzi, dereva. Ni ngazi ileile ya cheo, na mkono wangu umeifuata kwa mazoea. Hata hivyo kuna jambo limebadilika kati ya 1906 na 2021, nalo si dogo. Wapagazi wa Duke walikuwa mamia, walibeba chakula, mahema na vioo vya Sella, na katika majina ya vilele vikuu hayumo hata mmoja wao. Dereva wa Kibumba ana jina, linatajwa, na habari isiyomtaja inaonekana ina pengo. Vittorio wa juu ya mlima Speke ni mfalme ambaye hakuja. Vittorio wa Kibumba alikuja, akafa pamoja na aliowasindikiza. Nikiulizwa ni yupi kati yao aliye sehemu ya historia ya barabara hii, sihitaji kufikiri.

Hukumu

Kama utungo, ramani ya Ruwenzori ni kazi yenye nidhamu kubwa: ngazi zake zimelingana, nukuu zake zina shabaha, usambamba wa Margherita na Alexandra ni wa mtu aliyejua kupima. Kama maelezo ya mlima, ni kazi dhaifu. Haikuambii kitu kimoja kuhusu barafu, mvua, maua makubwa ya bondeni wala watu wanaoishi chini yake. Ni utenzi wa sifa kwa nyumba moja ya kifalme, na Ruwenzori ndiyo karatasi iliyoandikiwa.

Sitaki yafutwe majina haya. Kuyafuta ni kuchana ushahidi, na Mobutu alishatuonyesha kwamba jina jipya katika umbo la zamani halina maisha marefu. Ombi langu ni kwa walimu wa jiografia na wa Kiswahili wa Kiwanja, Kanyabayonga, Butembo na Kasese: orodha ya vilele hivi mpeni mwanafunzi pamoja na urefu wake, mwulizeni nani amewekwa juu ya nani, nani hayumo, na kanuni imevunjwa wapi. Na kwa wenye mamlaka, wa Kinshasa na wa Kampala, siku mtakapotaka kuibatiza upya Ruwenzori au ziwa letu, kabla ya kuuliza apewe nani, ulizeni kwanza kama ni lazima apewe mtu.